Masizi katika Hewa ya Jangwa: Mabadiliko ya Saa na Misimu, na Maana Yake kwa Afya ya Wananchi

Hewa ya jangwani hudhaniwa na wengi kuwa na adui mmoja tu, naye ni vumbi. Vipimo vinavyochukuliwa katika majangwa yanayokaliwa na watu vinaonesha kuwa hewa hiyo hubeba pia masizi, yaani chembe nyeusi za kaboni zinazotokana na kuni, samadi, mkaa, dizeli na mafuta mengine yanapoungua pasipo kumalizika. Masizi hayafuati kalenda ya vumbi. Katika Jangwa la Thar, lililo magharibi mwa India na mashariki mwa Pakistan, vumbi hufikia kilele katika miezi ya joto kali, kuanzia Aprili hadi Juni, upepo unapovuma kwa nguvu. Masizi hufikia kilele katika majira ya baridi, asubuhi na usiku, wakati upepo umetulia na nyota zinaonekana vizuri.

Tofauti hiyo inamhusu kila mwananchi anayetaka kulinda afya ya familia yake. Anayefunika pua na mdomo wakati wa dhoruba ya vumbi, kisha akakaa nje kando ya moto usiku mtulivu wa Januari, amejikinga dhidi ya hatari inayoonekana na kuiacha wazi ile isiyoonekana. Makala haya yanaeleza masizi ni nini, kwa nini kiasi chake hupanda na kushuka kwa saa na kwa misimu, namna yanavyopimwa, na somo linalopatikana kwa nchi zenye maeneo makavu, ikiwemo Tanzania.

Masizi na vumbi: vitu viwili tofauti

Masizi hutokea pale kitu chenye kaboni kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Weusi unaoganda kwenye kitako cha sufuria, moshi wa kibatari na wingu jeusi linalotoka nyuma ya lori linalopanda mlima ni matokeo ya jambo hilo hilo. Chembe moja ya masizi inapozaliwa ina upana wa takribani nanomita 20 hadi 50. Chembe hizo hushikana na kufanya minyororo midogo, lakini hata baada ya kushikana, sehemu kubwa yake hubaki na upana usiofikia mikromita moja. Unywele wa binadamu una upana wa mikromita 50 au zaidi.

Vumbi la jangwani ni udongo na madini yaliyosagika na kuinuliwa na upepo. Sehemu kubwa ya uzito wake imo katika chembe zinazozidi mikromita moja. Kwa kuwa ni nzito, chembe kubwa za vumbi huanguka ardhini ndani ya saa chache baada ya upepo kutulia. Masizi ni mepesi mno kuanguka kwa uzito wake. Hukaa hewani kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki moja au zaidi, hadi yanapooshwa na mvua au kugusa ardhi, mimea na kuta.

Chanzo nacho ni tofauti. Vumbi huinuliwa na upepo na linaweza kutokea mahali pasipo na mtu hata mmoja. Masizi yanahitaji moto. Kwa hiyo kiasi cha masizi katika hewa ya jangwa hueleza mambo mawili kwa pamoja: ni moto kiasi gani unaowashwa na watu, karibu au mbali, na hewa ina nafasi kiasi gani ya kuutawanya moshi wa moto huo.

Mfano wa Jangwa la Thar

Jangwa la Thar lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 200,000. Sehemu kubwa yake imo katika jimbo la Rajasthan nchini India, na sehemu nyingine imo Pakistan. Ni miongoni mwa majangwa yenye watu wengi zaidi duniani. Jiji la Jodhpur, lililo katika ukingo wa jangwa hilo, lilikuwa na zaidi ya watu milioni moja katika sensa ya mwaka 2011, na pembezoni mwake kuna vijiji vingi vya wakulima na wafugaji.

Hali ya hewa ya eneo hilo ina tofauti kubwa. Tarehe 19 Mei, 2016, mji wa Phalodi ulioko ndani ya Rajasthan ulifikia nyuzi joto 51 za Selsiasi. Katika Januari, usiku wa eneo hilo hilo unaweza kuwa baridi kiasi cha watu kukusanyika kuota moto. Mvua ni chache, na nyingi yake hunyesha kati ya Julai na Septemba.

Vyanzo vya masizi vya karibu ni majiko ya kuni na samadi iliyokaushwa, malori yanayobeba mawe ya mchanga kutoka machimboni, jenereta, matanuru ya matofali na uchomaji wa taka. Miongoni mwa kuni zinazotumika ni mti wa Prosopis juliflora, ambao wananchi wa Kenya wanaufahamu kwa jina la mathenge. Vyanzo vya mbali ni mashamba na miji ya Punjab na Haryana iliyo kaskazini, pamoja na upande wa Pakistan. Upepo unapoelekea kusini, sehemu ya moshi wa maeneo hayo huingia jangwani.

Mwenendo wa siku: vilele viwili na bonde moja

Mchoro wa kiasi cha masizi kwa saa 24 katika miji ya eneo hilo huwa na vilele viwili. Cha kwanza hutokea asubuhi, kati ya saa 1 na saa 4 kulingana na msimu. Cha pili huanza jua linapozama na kuendelea hadi karibu saa 5 usiku. Kati ya vilele hivyo kuna bonde, na kina chake kikubwa zaidi ni alasiri, kati ya saa 8 na saa 10.

Sababu ya kwanza ni shughuli za watu. Majiko huwashwa asubuhi na jioni, na magari huwa mengi watu wanapokwenda kazini na wanaporudi. Hata hivyo, shughuli hizo pekee hazitoshi kueleza kina cha bonde la alasiri, kwa kuwa malori na viwanda havisimami mchana. Sababu ya pili, ambayo katika jangwa ina nguvu zaidi kuliko mahali pengi, ni kimo cha tabaka la hewa linalogusa ardhi.

Mchana, jua hupasha mchanga joto, na mchanga huipasha joto hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo hupanda, hewa nyingine hushuka, na moshi unaotoka ardhini huchanganywa hadi juu sana. Katika miezi ya joto, tabaka hilo la mchanganyiko juu ya jangwa linaweza kufikia kimo cha kilomita 3 au zaidi. Jua linapozama mambo hugeuka. Anga la jangwani lina mvuke na mawingu machache, hivyo joto la mchanga hupotea haraka kuelekea juu. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko iliyo juu yake, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, haipandi. Hewa yenye joto iliyo juu hufanya kazi ya mfuniko. Chini ya mfuniko huo, nafasi ya kutawanya moshi hubaki mamia machache ya mita au pungufu.

Hesabu rahisi inaonesha uzito wa jambo hili. Iwapo kiasi kilekile cha masizi kitatawanywa katika tabaka la mita 2,000 mchana na katika tabaka la mita 200 usiku, basi kila mita ya ujazo ya hewa ya usiku itakuwa na masizi mara 10 zaidi, ingawa hakuna jiko hata moja lililoongezwa. Kwa maneno mengine, jiko lililowashwa saa 2 usiku huchafua hewa ya jirani kuliko jiko hilo hilo likiwashwa saa 8 mchana.

Kilele cha asubuhi kina sababu ya ziada. Sehemu ya masizi ya jana hubaki juu ya mfuniko wa usiku, yakiwa yametengwa na ardhi. Jua linapochomoza na kuanza kuvunja mfuniko, mchanganyiko wa kwanza huyashusha masizi hayo hadi kimo cha pua za watu, wakati ule ule ambapo majiko na magari yanatoa mapya. Baada ya saa moja au mbili tabaka huendelea kukua, na hewa huanza kusafika. Katika Januari jua la Jodhpur huchomoza baada ya saa 1 asubuhi, ilhali katika Juni huchomoza kabla ya saa 12. Ndiyo maana kilele cha asubuhi huchelewa katika majira ya baridi na kuwahi katika majira ya joto.

Baada ya usiku wa manane kiasi cha masizi hushuka taratibu kwa kuwa majiko yamezimwa na magari yamepungua. Hata hivyo hakishuki kufikia kiwango cha alasiri, kwa sababu mfuniko bado upo.

Mwenendo wa mwaka: misimu minne ya moshi

Majira ya baridi, Desemba hadi Februari, ndiyo yenye masizi mengi zaidi. Usiku ni mrefu, upepo ni dhaifu, na hata mchana tabaka la mchanganyiko halipandi sana. Wakati huo huo matumizi ya kuni huongezeka, kwani moto unawashwa kwa kupika na pia kwa kuota. Mvua huwa haba, hivyo hakuna cha kuosha hewa. Tofauti kati ya kilele cha usiku na bonde la alasiri huwa kubwa.

Kuanzia Machi hadi Juni, kabla ya mvua, hewa hubadilika. Joto hukuza tabaka la mchanganyiko, na pepo za nguvu kutoka kusini magharibi na magharibi hutawanya moshi. Masizi hupungua katika kipindi hicho hicho ambapo dhoruba za vumbi, zinazoitwa andhi na wenyeji, hufanya mchana kuwa kama magharibi. Mtu anayetazama kwa macho angesema huo ndio wakati hewa ni chafu kuliko wakati wote. Kwa jumla ya chembe zote, kauli hiyo ni sahihi. Kwa masizi, si sahihi. Ni uchomaji wa mabaki ya ngano tu, unaofanyika Aprili na Mei katika mashamba ya kaskazini, unaoweza kupandisha kiasi chake kwa siku chache.

Mvua za msimu hufika Rajasthan ya magharibi mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai na kuondoka katikati ya Septemba. Kiasi cha masizi hufikia kiwango cha chini kabisa cha mwaka. Mvua huyaosha, na pepo kutoka Bahari ya Arabia huleta hewa iliyosafiri juu ya maji na kukutana na moto mchache.

Oktoba na Novemba ni miezi ya mpito. Mvua imekwisha, upepo umepungua, na mashamba ya mpunga ya Punjab na Haryana yamevunwa. Wakulima wengi huchoma mabua ili kuandaa ardhi kwa ngano. Mwaka 2009 jimbo la Punjab lilitunga sheria ya kulinda maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo ilizuia kupandikiza mpunga mapema kabla ya mvua kukaribia. Lengo lake lilikuwa jema. Matokeo yake mengine ni kwamba mavuno yalisogezwa mbele, na uchomaji ukaangukia mwishoni mwa Oktoba na Novemba, wakati mfuniko wa usiku umeshaanza kuimarika. Mfano huu unaonesha kuwa tarehe ya kuwasha moto ina uzito sawa na ukubwa wa moto wenyewe.

Kwa nini saa ya kipimo ni muhimu

Masizi hupimwa kwa chombo kiitwacho aethalometa, ambacho jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutia weusi wa masizi. Chombo hicho huvuta hewa kupitia utepe wa chujio, masizi hunasa na kufanya doa, na mwanga hupitishwa katika doa hilo. Kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo masizi yanavyohesabiwa kuwa mengi. Idara ya Hali ya Hewa ya India hutumia vyombo vya aina hii katika mtandao wake wa vituo vya kitaifa, ukiwemo wa Jodhpur.

Katika jangwa, kazi hiyo ina ugumu wa pekee. Vumbi lenye madini ya chuma, yanayolipa rangi nyekundu au kahawia, nalo hunyonya mwanga. Bila uangalifu, chombo kinaweza kuhesabu vumbi kuwa masizi. Wataalamu hutumia tofauti ya rangi kutenganisha vitu hivyo viwili: vumbi hunyonya zaidi mwanga wa bluu na urujuani, na hunyonya kidogo mwanga ulio karibu na usioonekana wa infraredi, ilhali masizi hunyonya kila rangi. Kwa sababu hiyo kiasi cha masizi husomwa kwa mwanga wa nanomita 880, ambao vumbi haliuathiri sana. Moshi wa kuni na samadi pia una tabia ya kunyonya zaidi mwanga wa bluu, jambo linalosaidia kuutenga na moshi wa dizeli pale ambapo vumbi si jingi.

Setilaiti husaidia, lakini ina mipaka. Setilaiti nyingi huangalia safu yote ya hewa kuanzia ardhini hadi juu, na hazioneshi ni kiasi gani kimo katika mita mbili za chini anamopumulia binadamu. Kipimo cha mkononi kinachochukuliwa na ofisa saa 8 mchana, muda wa kawaida wa kazi, huangukia katika bonde la siku. Taarifa itakayoandikwa kwa kipimo hicho itakuwa ya kweli kwa saa hiyo na ya kupotosha kwa siku nzima. Wastani wa saa 24 nao huficha vilele, kwa kuwa huchanganya alasiri yenye nafuu na usiku wenye moshi. Kwa hiyo upimaji wenye manufaa ni ule unaofanywa mfululizo, saa kwa saa, angalau kwa mwaka mzima.

Majangwa ya Ghuba: moto wa aina nyingine

Mwenendo wa Thar haupaswi kunakiliwa kwa kila jangwa bila kuangalia chanzo cha moto. Katika nchi za Ghuba, zinazokaliwa pia na jamii za wazungumzaji wa Kiswahili hasa nchini Oman, nyumba hazipikii kuni kwa wingi. Masizi hutoka kwenye magari, meli, viwanda, mitambo ya umeme na miali ya kuteketeza gesi katika visima vya mafuta. Mahitaji ya umeme huwa makubwa zaidi katika majira ya joto kwa sababu ya viyoyozi, na Saudi Arabia imekuwa ikichoma mafuta ghafi zaidi katika miezi hiyo ili kuzalisha umeme. Hivyo kalenda ya moto huvutana na kalenda ya hewa: tabaka la hewa hupanuka wakati ule ule moto unapoongezeka, na nafuu ya kiangazi inaweza kupungua. Karibu na pwani, hewa ya baharini hupunguza pia kimo cha tabaka la mchana.

Mfano mkubwa zaidi wa masizi ya jangwani ulitokea Kuwait mwaka 1991, ambapo visima zaidi ya 600 vya mafuta vilichomwa wakati wa vita. Moto wa mwisho ulizimwa Novemba mwaka huo. Pepo za shamali, zinazovuma kutoka kaskazini magharibi, zilipeleka moshi kusini mashariki kufuata Ghuba, na chini ya wingu hilo joto la mchana lilishuka kuliko kawaida. Masizi hayo hayakupanda juu sana kiasi cha kukaa hewani kwa muda mrefu, ndiyo maana athari zake kubwa zilibaki katika ukanda huo.

Athari kwa afya na kwa hali ya hewa

Kutokana na udogo wake, masizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, yakiwa yamebeba kemikali nyingine za moshi. Juni 2012, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) uliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. WHO inakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Miongozo ya WHO ya mwaka 2021 inaweka kiwango cha mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na 15 kwa saa 24, kwa chembe zote zisizozidi mikromita 2.5. Kwa masizi pekee, miongozo hiyo haikuweka kiwango cha namba. Badala yake inazitaka nchi kuyapima kwa utaratibu, kuorodhesha vyanzo vyake na kuchukua hatua za kuvipunguza. Miongozo hiyo hiyo inatoa maelekezo ya pekee kuhusu dhoruba za mchanga na vumbi. Nchi yenye jangwa inahitaji kufuata maelekezo yote mawili.

Masizi pia huongeza joto la dunia kwa kunyonya mwanga wa jua. Juu ya jangwa athari hiyo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa mchanga mweupe huakisi mwanga mwingi, na masizi hunyonya mwanga unaoshuka na ule unaorudi juu. Yakitua kwenye theluji ya milima huitia weusi na kuiharakisha kuyeyuka. Habari njema ni kwamba masizi hayakai hewani kwa karne nyingi kama hewa ya ukaa. Moto ukipungua leo, hewa huonesha nafuu ndani ya wiki chache.

India imechukua hatua zinazolenga vyanzo hivyo. Mei 2016 serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango wa kuziunganisha kaya maskini na gesi ya kupikia, na kufikia Septemba 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Kuanzia tarehe 1 Aprili, 2020, dizeli inayouzwa nchini humo ilitakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, sambamba na viwango vipya vya injini. Changamoto iliyobaki ni gharama ya kujaza mtungi, inayozifanya baadhi ya kaya kuendelea kutumia kuni na samadi kando ya gesi.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Hewa haina mpaka. Kati ya Januari na Machi 1999, wanasayansi wa nchi mbalimbali walifanya utafiti mkubwa katika Bahari ya Hindi, wakitumia ndege, meli na kituo cha Maldives. Walikuta utusitusi wenye masizi, ulioletwa na pepo za majira ya baridi kutoka bara la Asia, umeenea juu ya kaskazini mwa bahari hiyo hadi kwenye ukanda wa mvua ulio karibu na ikweta. Pepo hizo ni za mfumo mmoja na kaskazi, ambayo kwa karne nyingi ilisukuma majahazi kutoka Arabuni na India hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar.

Hata hivyo, masizi anayoyavuta mkazi wa Afrika Mashariki kila siku hutoka zaidi karibu naye: jikoni, barabarani na mashambani. Kanuni ya mfuniko wa usiku inafanya kazi katika maeneo makavu ya Dodoma, Singida au Turkana kama inavyofanya kazi Jodhpur. Kuanzia Juni hadi Septemba, anga la kanda ya kati ya Tanzania huwa wazi na usiku huwa baridi, huku mvua zikiwa hazipo na msimu wa kuchoma mbuga na mashamba ukiwa umeanza. Moshi wa mkaa wa jioni katika kipindi hicho hukutana na nafasi finyu ya kutawanyika.

Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Aidha, tarehe 8 Mei, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Mkakati huo umezoeleka kuelezwa kwa faida za misitu na za afya ya mama jikoni. Mwenendo wa masizi unaongeza faida nyingine: jiko safi la jioni hulinda pia hewa ya jirani katika saa ambazo hewa haina pa kwenda.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo hayo, wananchi wanaoishi katika maeneo makavu wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, anga safi la usiku wa baridi lisichukuliwe kuwa dalili ya hewa safi. Usiku mtulivu usio na mawingu ndio unaozuia moshi kupanda.

Pili, inapolazimu kuchoma majani au mabaki ya shamba, na sheria za eneo zikiruhusu, jioni na alfajiri ni nyakati mbaya zaidi kwa majirani. Kufukia majani au kutengeneza mboji ni bora kuliko kuchoma. Taka za plastiki zisichomwe wakati wowote.

Tatu, mazoezi ya kukimbia kando ya barabara kuu yasifanyike katika saa za kilele cha asubuhi. Katika msimu wa baridi alasiri huwa na nafuu. Wenye pumu, wazee, wajawazito na watoto wadogo wapewe kipaumbele katika kukaa mbali na moshi wa asubuhi na wa usiku.

Nne, kitambaa cha kawaida huzuia vumbi kubwa lakini hakizuii masizi. Barakoa za kuchuja chembe ndogo, zinazobana vizuri usoni, ndizo zenye uwezo huo. Hata hivyo hakuna barakoa inayozidi kuondoa moshi wenyewe.

Tano, jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala kwa ajili ya kupasha joto. Mbali na masizi, jiko hilo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo inaweza kuua waliolala.

Kwa halmashauri na taasisi zinazopima hewa, jambo la kuzingatia ni saa ya kipimo. Ripoti ya ubora wa hewa iseme kipimo kilichukuliwa saa ngapi na msimu gani, na pale inapowezekana itenganishe vumbi na masizi. Vumbi la jangwa linaweza kutabiriwa na kuepukwa, lakini halizuiliki kirahisi. Masizi hutoka kwenye moto uliowashwa na watu, na kwa hiyo yanaweza kupunguzwa na watu hao hao.